Mwambie mtoto kweli: siku moja katika chumba cha kutolea damu

Saa 1 kasoro robo asubuhi

Nafika kabla ya wagonjwa ili nikipange chumba upya. Karibu kila asubuhi nakuta zamu ya usiku wamevuta kitanda katikati, na sinia la sindano liko wazi mezani. Naanza na hivyo viwili. Kitanda nakirudisha ukutani. Sinia nalifunika kitambaa na kuliweka nyuma ya kiti changu, ambapo mkono wangu unalifikia na mtoto halioni. Kisha naweka katikati kiti kipana ambacho mzazi anaweza kukaa na kumpakata mtoto.

Nina miaka 12 katika kazi ya kuwatoa watoto damu, na jambo nililochelewa kulijua ndilo hili la kiti. Mtoto akilazwa chali huku watu wazima wamemwinamia, ataogopa hata kama hakuna sindano chumbani.

Mfukoni nina chupa ya mapovu ya sabuni na kitabu cha picha chenye kurasa ngumu. Dawa ya ganzi ya kupaka ipo, lakini inataka karibu saa nzima kabla ya kuchoma, na watoto wengi wananifikia karatasi ya kipimo ikiwa tayari mkononi. Kwa hiyo ninategemea zaidi mambo ambayo hayatoki dirisha la dawa.

Saa 1:30, wodi ya wazazi

Kichanga wa siku tatu, macho yameanza kuwa ya manjano. Mama yake, mzazi wa kwanza, ananiona na sinia na kuuliza, "Dada, nitoke nje?"

"Usitoke, mama. Wewe ndiye dawa yake. Mnyonyeshe."

Namsubiri. Sigusi kitu mpaka nisikie mtoto anameza kwa mpangilio: anavuta, anameza, anapumua. Hapo ndipo nautafuta mshipa mdogo nyuma ya kiganja. Kwa mtoto aliyezaliwa miezi yake imetimia, mshipa ukichomwa na mtu mwenye mkono mzuri unauma kuliko kisigino? Hapana, maumivu yake ni madogo kuliko ya kisigino, maana kisigino kikishachomwa lazima kikamuliwe, na kule kukamua ni maumivu ya pili.

Sindano ilipoingia alikunja uso, akaachia titi, akatoa mlio mfupi, kisha akalirudia. Basi. Tyubu ilijaa huku ananyonya.

Hadi miaka ya 1980 madaktari wengi waliamini kwamba kichanga hahisi maumivu kama sisi, na wapo watoto waliopasuliwa bila ganzi ya kutosha. Mimi nilikuwa hai wakati huo. Si hadithi ya kale.

Saa 3:10

Mvulana wa miaka minne. Namsikia kabla sijamwona: ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili na analia, "Ulisema tunakwenda kwa shangazi! Ulisema kwa shangazi!"

Mama amechoka na ana aibu. Simlaumu, alitaka safari iwe ya amani. Lakini sasa mtoto ana mizigo miwili: hofu ya sindano, na kutojua kama neno lolote la mtu mzima leo ni la kuamini. Huo wa pili ndio mzito.

Nachuchumaa mlangoni, mbali naye kidogo, mikono ikiwa wazi. "Ni kweli, hapa si kwa shangazi. Hapa tunatoa damu. Nitakwambia kila kitu kabla sijakifanya."

Anapunguza sauti. "Itauma?"

"Itakufinya. Wengine wanasema inauma kidogo, wengine zaidi kidogo. Wewe utaniambia yako ilikuwaje. Kufinya kwenyewe ni kufupi."

Sisemi "haiumi." Ikiuma, nimeshaitwa mwongo, na yule atakayemtoa damu mwaka ujao ataitwa mwongo kabla hajafungua mdomo. Nimeacha pia kusema "pole, pole, usiogope" wakati wa kuchoma. Mtoto akisikia sauti zetu zinalegea hivyo anajua kuna baya linakuja.

Mama anakaa, mtoto anampanda mapajani wakitazamana, kifua kwa kifua, miguu imezunguka kiuno cha mama. Mkono mmoja uko shingoni kwa mama. Wa pili unapita chini ya kwapa la mama na kunijia mimi. Mama anamkumbatia kwa nguvu. Ameshikwa barabara, lakini kwake huko ni kupakatwa.

Nampa mambo ya kuchagua, yale tu ambayo kweli yako mikononi mwake: mkono gani, plasta ya rangi gani. Simuulizi, "Nianze?" Akisema hapana nitafanya nini?

Nafunga mpira mkononi, naupata mshipa, nafuta kwa spiriti. Halafu naacha ikauke, nusu dakika hivi. Ngozi ikiwa bado mbichi spiriti inaingia na sindano na kuwasha kama moto, na maumivu hayo yote ni ya haraka zetu tu. Mwenzangu anashika kijiti cha mapovu nyuma ya bega la mama.

"Puliza polepole. Ukipuliza kwa nguvu yanapasuka."

Anapuliza, linapasuka. Anavuta pumzi, anapuliza taratibu, na povu moja kubwa linatoka likitetemeka. Kwa kidole gumba ninausugua mkono wake juu kidogo ya mahali pa kuchoma. Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Melzack na Wall waliandika kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama lango: hisia za kuguswa zikipita kwa wingi, za maumivu zinabanwa. Kila mama aliyewahi kumsugua mtoto goti alipojikwaa alikuwa akilifunga lango hilo.

"Sasa, kufinya." Sindano ya kipepeo, ile ndogo yenye vibawa, inaingia. Bega lake linaruka. Macho yake yanarudi kwenye povu, ambalo bado halijapasuka.

Mama ananong'ona, "Damu yote hiyo?" Namwonyesha: mililita nne. Mtoto wa kilo 15 ana zaidi ya lita moja.

Saa 5

Msichana wa miaka tisa anayetibiwa saratani ya damu. Huyu ni mwenyeji.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Leo vipi?"

"Kushoto. Na nitatazama. Na usiseme 'tayari,' sema 'vuta pumzi.'"

Namtii neno kwa neno. Wapo watoto ambao mapovu yanawaudhi. Wanataka kuona sindano inaingia na kuhesabu tyubu wenyewe. Kumlazimisha huyu ageuze uso ni kumnyang'anya kitu pekee anachokimiliki katika chumba hiki.

Saa 7

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mnene, mishipa imezama. Naifunga mikono yake kwa kitambaa chenye joto kwanza, maana baridi huikaza mishipa. Najaribu mara moja, naikosa. Mara ya pili inatoka kidogo na kukatika. Naacha, namwita mwenzangu. Baba anashangaa, "Si umalizie tu, dada?" Namjibu kwamba mtoto apumzike kwanza.

Katika kituo changu cha kwanza tuliwahi kumkamata msichana mdogo watu wanne, tukamchoma mara sita. Kipimo kilipatikana. Alipoletwa tena alitapika mlangoni kwa kuniona tu. Tangu hapo mkono wangu ni mara mbili, basi.

Mwenzangu aliipata kwa mara moja, mtoto akiwa begani kwa baba.

Saa 8:20

Kijana wa miaka 14, mrefu kunizidi, anasema haogopi, anaogopa kuzimia tu. Huyu ndiye namlaza. Namfundisha kukaza mapaja na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, kulegeza kidogo, kukaza tena, mkono wa kutolea damu ukiwa umetulia. Hiyo inazuia shinikizo la damu lisianguke. Hakuzimia.

Saa 10 kasoro

Mama wa asubuhi amerudi kuchukua majibu. Mvulana ananionyesha plasta ya kijani.

Saa hii ndiyo ninayoipigania, maana atakachosimulia leo ndicho atakachokuja nacho safari nyingine. Kwa hiyo simwambii, "Uliogopa, eeh?" Namuuliza, "Ulifanya nini ukaweza?"

Anafikiri. "Nilipuliza polepole."

"Na ilikuwaje?"

"Ilinifinya." Anapima kwa vidole viwili, nafasi ndogo kati yake, kisha anaipanua kidogo ili iwe sawasawa. "Hivi."

Anamgeukia mama yake. "Sasa twende kwa shangazi."

Mama ananitazama, kisha anamtazama yeye. "Leo hatuendi, mwanangu. Tunarudi nyumbani."

Alinuna, lakini akampa mkono.