Fimbo ya samoni kwenye maji ya Kigamboni

Kila Septemba ikiingia simu yangu inajaa voisi za mtoto wa mamdogo, yuko Oregon kule Marekani, samoni wameanza kupanda mto, samoni wameanza kupanda mto, utadhani wanamletea yeye mahari. Safari hii kuna ndugu alikua anakuja huku akampa mzigo wangu: fimbo moja ndefu ya vipande viwili, rili (kile kigurudumu cha kuzungushia uzi), maboya madogo ya kuelea, vijiko vya kung'aa (vyambo vya bandia vya chuma), na kijaluba cha vishanga vyekundu na vya pinki ambavyo eti ni mayai ya samaki ya bandia. Akasema kavulie, maji ni maji. Sasa mi niko Kigamboni, kusi imeshalegea, na kila nikiweka picha status watu wananiuliza hiyo fimbo ni ya nini na je wakatafute kama hiyo Kariakoo, kwaiyo leo nayaandika yote kwa pamoja maana kujibu mmoja mmoja kunamaliza bando.

Kwa kifupi, vingine vinafanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea, vingine lazima uvifungue ubadilishe vitu, na yale mayai ya bandia binti yangu kashayatunga bangili.

Lakini ukitaka kuelewa kwa nini, anza na samaki mwenyewe. Samoni anazaliwa mtoni, anashuka zake Bahari ya Pasifiki anakula ananenepa miaka kadhaa, alafu anarudi kutaga kwenye mto uleule aliozaliwa, na akishaingia maji baridi anaacha kula, anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Wale wa Pasifiki wakishataga ndio basi, wanakufa. Steelhead, mwingine wanaemvua kule, yeye ni trauti tu, samaki wa mtoni wa jamii ya samoni, ila ni trauti aliyeamua kwenda baharini kutafuta maisha, na huyo anaweza akataga akarudi baharini na akapanda tena mto msimu mwingine. Mvua zikinyesha mto ukajaa ndio wanasukuma kwenda juu, kwaiyo wavuvi wa kule wanaangalia kina cha mto kila asubuhi kama sisi tunavyoangalia mwezi.

Nilipomsimulia haya mzee mmoja wa Mjimwema ambae nakutana nae sana pale kwenye miamba, tulianza hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hilo lifimbo lote la nini?"

"La samoni mzee, samaki wa Marekani. Akipanda mtoni hali kitu."

"Hali kitu? Sasa kama hali, ndoano anaiuma ya nini?"

"Hasira mzee. Unampitishia kitu mbele ya uso mpaka anakereka."

Akacheka mpaka akaweka mshipi chini. "Kumbe na huko hasira za mkizi furaha ya mvuvi."

Na ndio hivyo kweli. Vifaa vya kule vimetengenezwa kwa samaki asiye na njaa, aliyetulia kwenye maji yanayokimbia, mara nyingi maji maangavu. Ndio maana fimbo ni ndefu, hii yangu inakaribia mita tatu, na ni laini inapinda mpaka katikati, kwa sababu mwisho wa uzi unafunga kipande chembamba cha fluorokaboni, uzi wa plastiki usioonekana sana majini, wa nguvu ya kuhimili paundi 8 mpaka 12 kwa steelhead, asikione, na ukiwa na fimbo ngumu kipande hicho kinakatika samaki akitikisa kichwa mara moja tu. Urefu nao unasaidia kuinua uzi juu ya maji ili boya litembee na mkondo bila kuvutwa.

Sasa hapa kwetu. Chinook, moja ya aina za samoni, mkubwa kuliko wote aliyewahi kuvuliwa kwa fimbo alitoka Mto Kenai, Alaska, mwaka 1985, kama kilo 44. Nguru wa rekodi alitoka Scottburgh, Afrika Kusini, mwaka 1982, kilo 44 na ushee pia. Yani ukiwaweka kwenye mzani wanagombana gramu, ila ukienda kumvua nguru na uzi wa samoni utarudi na hadithi tu. Nguru ana meno ya mkasi na anapiga kwa mbio. Uzi hata uwe mnene vipi akiupitishia meno umeisha. Kwaiyo anayeniuliza "nitumie vifaa gani vya samaki mkubwa" namrudishia swali, mkubwa yupi, ana meno au hana, anakimbilia wapi akinaswa, na wewe umesimama wapi. Uzito ni swali la mwisho kabisa.

Nianze na uzi maana hapo ndio watu wengi wanapoteza samaki. Rili ilikuja na uzi wa kusuka, ule mwembamba usiovutika, na kwa kweli ni mtamu, samaki akigusa tu unasikia mpaka kwenye kiwiko. Ila uzi wa kusuka na matumbawe ni maadui, ukigusa jiwe umekazwa unakatika palepale, na miamba yetu kuanzia Coco Beach mpaka huku Kigamboni inakata ile mbaya. Kwaiyo mbele yake lazima ufunge plastiki nene, mi naweka kama pima moja ya paundi 40 mpaka 60, ambayo kwa mvuvi wa steelhead ni kituko, mtoto wa mamdogo nilipomtumia picha akauliza kama navua meli. Kolekole hana meno ya kukata ila akinaswa kitu cha kwanza anageuka anakimbilia kwenye jiwe, kazi ya hiyo plastiki ni kusugua jiwe bila kukatika. Kwa nguru na mzia unaongeza waya mwembamba, shubiri moja au mbili, ule wa rangi ya kahawia usiong'aa. Usiweke waya kwa changu, wala usiweke tu kwa sababu unao kwenye begi, changu anakata tamaa mapema sana akiona kitu cha ajabu mbele ya chambo.

Ndoano. Vile vijiko ni vizuri balaa, uzito mzuri, vinaruka mbali hata kwenye upepo, ila ndoano zake ni za mtoni. Za chuma chembamba, zinapenya kirahisi kwenye mdomo wa samoni, na kwenye maji ya chumvi zinaota kutu kabla hata hujazizoea. Nilizifungua zote na zile pete nikabadilisha, nikaweka ndoano moja moja nene ya baharini badala ya zile za mapacha watatu. Moja inatosha, hainasi sana kwenye mawe, na kumtoa samaki mdogo unamrudisha haina shida. Kule Marekani kuna sehemu sheria inawalazimisha hata kuondoa ule mwiba wa nyuma wa ndoano ili samaki wa asili warudishwe wazima, wale wa kufugwa wanawajua kwa pezi dogo la mafuta lililokatwa mgongoni karibu na mkia, hao ndio ruksa kubeba.

Sasa mbinu, na hapa ndio nimefaidi kuliko kwenye vifaa vyenyewe. Kule wanatupa kijiko kukata mkondo, hawavuti sana, wanauacha mto wenyewe ukizungushe kutoka upande ule mpaka upande huu, kijiko kinatembea pole pole kinatikisika mbele ya samaki aliyelala. Sisi hatuna mto wa maana wa kutupia, Msimbazi tuuache kama ulivyo, lakini tuna maji kujaa na maji kupwa, na wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Dar yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Hayo yote lazima yapite mahali. Simama kwenye mdomo wa mkono wa bahari unaoingia kwenye mikoko wakati maji yanaanza kutoka, dagaa na vitoto vya kamba vinasombwa, kolekole wanakuja kuvisubiri pale maji ya ndani yanapokutana na ya nje, tupa kijiko kukata mkondo, kaza uzi kidogo, acha bahari ifanye kazi. Wenzangu walikua wanavuta mbio mbio kwa sababu wameona video za watu wanavua kwa mbio, na mbio ni sawa kwa nguru, ila pale kwenye mkondo mwendo wa kizembe unashinda. Kijiko kikifika mwisho wa mzunguko usikitoe haraka, kiache kining'inie kidogo, wengi wanapiga hapohapo.

Maji mafu je, yale ya mwezi nusu yanayopanda na kushuka kidogo tu? Baki nyumbani au vua chini kwa mshipi wa mkono. Sina cha kuongeza.

Boya nalo limenishangaza. Kule wananing'iniza mayai ya samoni yaliyotiwa chumvi chini ya boya, wanapima kina ili yatembee juu kidogo ya mawe ya mtoni. Hapa weka kipande cha ngisi, kirefu chembamba kinachopepea, au kamba mzima, pima kina chambo kipite juu ya matumbawe kama nusu pima, na uache maji yalibebe boya. Faida yake ni kwamba hunasi. Mtu anayevua na chubwi, ile risasi ya kuzamisha ndoano, pale Mjimwema anapoteza chubwi na ndoano kila mara mpaka anachukia uvuvi, na wewe unapita juu juu tu kwenye mawe yaleyale. Ila boya lenyewe la kule ni dogo sana kwa mawimbi ya kusi, nasubiri siku bahari imelala, na huu msimu wa katikati, kusi imekufa na kaskazi haijashika, Oktoba na Novemba hivi, siku hizo zipo nyingi ukiacha zile ambazo vuli inaamua kumwaga. Mvua kubwa ikishuka maji ya pwani yanakua ya tope, hapo kijiko kiweke pembeni, tumia chambo chenye harufu.

Fimbo sasa, maana ndio mnayouliza. Usinunue. Ni nzuri kwenye mchanga na kwenye mkondo, kolekole wa kilo moja kilo mbili anakupa raha ambayo hutaisahau, lakini kwenye mwamba ni laini mno, huwezi kumzuia samaki asiingie kwenye shimo lake, unabaki unaangalia inavyopinda vizuri. Kwa mtu anayeanza hapa Dar chukua fimbo fupi kidogo, ngumu ya kati, hata ya bei ya kawaida. Hela yako weka kwenye rili, na kwenye rili angalia breki, ile inayoachia uzi samaki akivuta, ikaze nusu alafu vuta uzi kwa mkono, kama inatoka kwa kuruka ruka achana nayo hata kama inang'aa. Nguru usimtafute kwa fimbo hii ya nchi kavu, labda bahati, nguru ni wa kurambaza, yani kuburuta chambo nyuma ya boti au ngalawa, uzi mnene, waya, na mtu anayejua njia.

Na mzee wangu wa Mjimwema? Ana mshipi umezungushwa kwenye kibao, chubwi moja, ndoano mbili, ngisi wa jana. Kwa changu anatupita wote, hilo tusibishane, anajua mashimo yao kama anavyojua majirani zake. Kwa kolekole wa kwenye mkondo ndio nampita mimi, kwa sababu kibao hakitupi mbali. Siku hizi tunasimama karibu, akipata vibua vidogo ananirushia.

Kitu kingine, kuna watu mnaenda Bongoyo na Mbudya kwa boti za kitalii mnabeba na fimbo. Pale ni hifadhi ya bahari tangu 1975, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, uvuvi hauruhusiwi, kaleni chipsi samaki muogelee mrudi.

Mwisho, chumvi. Rili ya mtoni haijazibwa vizuri kuzuia chumvi, kwaiyo ukirudi nyumbani usiitumbukize kwenye ndoo, unaisukuma chumvi iingie ndani. Kaza breki, mwagia maji taratibu juu juu, futa, alafu legeza breki kabisa kabla ya kuihifadhi, ukiiacha imekazwa zile sahani za ndani zinagandana. Na maji yenyewe yawe matamu kweli, huku Kigamboni kuna visima ukionja tu unajua ni bahari ileile imezunguka kwa nyuma, mi nakinga ya mvua.