Nilivyofuatilia maisha ya baba wa babu yangu katika nyaraka za Uganda

Baba wa babu yangu alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), akaachishwa jeshi, akakaa Bombo na kununua kipande cha mailo (ardhi ya Buganda inayomilikiwa kwa hati ya kudumu) huko Bulemeezi, kaunti ya Buganda. Nyumbani tulijua hayo tu. Mengine niliyapata kwenye karatasi za serikali, na kilichonifikisha ni kwamba sikumtafuta kwa jina. Nilitafuta kikosi chake, gombolola (kata) yake na ardhi yake. Faili za zamani zilipangwa kwa idara, wilaya na kiwanja, si kwa watu wa kawaida. Tena jina lenyewe halitulii.

Karani wa Kiganda aliandika alivyosikia: Ramadhan akawa Lamazani, Uthman akawa Asumani, Hassan akawa Asani, Abdallah akawa Abudala. Tahajia ya Kiganda iliposawazishwa mwaka 1947, r ilibaki baada ya e na i, kwingine ikawa l, na herufi zikarudufiwa. Anayeitwa Kaggwa leo ni Kagwa kwenye karatasi za mwanzo. Kwa Wakristo hata dhehebu hugeuza jina: Yusufu kwa Waprotestanti, Yozefu kwa Wakatoliki. Sisi Wanubi, wazao wa askari waliotoka Sudan, hatuna jina la ukoo. Jina la pili ni la baba, kwa hiyo ndugu zake niliwatafuta kwa jina hilo la pili. Kabla ya kugusa ofisi yoyote, andika maumbo yote ya jina lake na la baba yake kwenye karatasi moja, uende nayo kila mahali.

Karatasi za nyumbani zipange kwa wakati hata kama hazina tarehe. Fedha iliyotajwa inasaidia: rupia ilitumika hadi 1920, ikafuata florini kwa muda mfupi sana, kisha shilingi. Risiti ya kodi yenye florini imejitaja mwaka wake. Cheti cha nikaha chenye mwaka wa Hijria kinaangukia miaka miwili ya Kizungu: 1340 ilianza Septemba 1921. Bila mwezi, andika "1921 au 1922", usichague.

Ardhi ndiyo iliyonipa mengi zaidi, na ningemshauri yeyote mwenye asili ya Buganda aanzie hapo. Unahitaji namba ya bloku (eneo la upimaji) na ploti (kiwanja ndani yake). Kama hati imepotea, majirani wenye hati watakutajia bloku, na mchoro wa upimaji utaonyesha ploti. Bulemeezi inahudumiwa na ofisi ya ardhi ya Bukalasa. Ukilipia upekuzi wa kawaida, utapewa barua inayomtaja mmiliki wa sasa na vizuizi vilivyopo, basi. Wengi huishia hapo wakidhani rejista haina historia. Omba nakala iliyothibitishwa ya ukurasa mzima wa rejista, wenye uhamisho wote wa nyuma. Kila uhamisho una namba ya waraka, na kwa namba hiyo unaomba waraka wenyewe. Humo mna muuzaji, mnunuzi, bei, mashahidi, na sahihi au alama ya dole gumba. Mashahidi wasome kwa makini, kwani mara nyingi ni jamaa au askari wenzake.

Tahadhari mbili. Tarehe ya hati si lazima iwe tarehe ya kununua: upimaji wa mailo zilizogawiwa na Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda ulimalizika mwaka 1936, na mtu aliweza kukaa juu ya ardhi miaka mingi kabla ya hati. Na ukubwa ulioandikwa kwa ekari leo umegeuzwa hekta. Ekari moja ni hekta 0.4047. Namba zisipolingana, geuza kwanza kabla ya kudai kwamba ardhi imemegwa.

Mwenye mailo akifa, karatasi za mirathi zinafuata. Zamani Lukiiko, baraza la Buganda, ndiyo iliyotoa cheti cha urithi wa mailo, na namba yake huonekana kwenye rejista. Kwa vifo vya baadaye, uliza Ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu chini ya Wizara ya Sheria. Faili la mirathi huorodhesha wajane na watoto, na humo utakuta hata watoto ambao nyumbani hawatajwi. Waambie wazee kwanza, kabla ya kutuma picha kwenye kundi la ukoo.

Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iko Wandegeya, Kampala. Awali ilikuwa Entebbe. Nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho inayotaja unachotafuta. Omba orodha ya faili, utafute kwa majina ya kiutawala ya wakati ule: Bombo na Bulemeezi zimo chini ya Mengo, si Luweero. Wa Busoga aulize pia nyaraka za wilaya zilizoko Jinja, na wa Toro zile za Kabarole.

Upande wa jeshi, medali ya fedha ya Vita vya Kwanza ina namba, cheo, jina na kikosi kwenye ukingo. Isome kwa kioo cha kukuzia, usiisugue. Medali za nyota za Vita vya Pili kwa kawaida hazina jina. Kikosi cha Keya cha Uganda ni cha 4: katika Vita vya Kwanza "2/4" ni batalioni ya pili ya rejimenti ya nne, na katika Vita vya Pili batalioni ya 34 nayo ilitokana na hiyo ya nne. Ukishajua batalioni, shajara za vita zilizoko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, zitakuonyesha ilikuwa wapi siku kwa siku: mfululizo WO 95 kwa vita vya kwanza, WO 172 kwa Burma. Aliyekufa vitani tafuta kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ukichuja kwa kikosi. Lakini askari na wapagazi wengi wa Afrika Mashariki hawakuandikwa kwa majina, kwa hiyo kutomwona si ushahidi kwamba hakwenda.

Kila unapopiga picha, anza na jalada la faili lenye namba, kisha kurasa zake kwa mfuatano, pamoja na migongo yenye maandishi. Picha isiyo na namba ya faili hutaweza kuirudia, na msajili hataikubali ukiipeleka kudai haki ya ardhi.