Bodi Nzima, Kitasa Kibovu

Mashine yetu ya kufulia iliharibika, na ushauri ulionila dola mia mbili na ushee ni maneno mawili: "Badilisha bodi," yaani kile kibao cha umeme kinachoiendesha mashine. Alinipa ushauri huo fundi wa kampuni, akanipa rafiki yangu Mkongo kwenye kikundi chetu cha WhatsApp hapa Des Moines, Marekani, akanipa hata shemeji yangu aliyeko Mwanza, ambaye mashine yenyewe hajawahi kuitia machoni. Wote walikosea. Mimi nilikosea zaidi, maana mimi ndiye niliyelipa.

Mashine ya kufulia tuliinunua mpya dukani, si mtumba. Kampuni siitaji, ila ni ya Kimarekani na jina lake lina umri mkubwa kuliko babu yangu. Ndiyo sababu niliichagua. Kwa bibi kule Tanga kulikuwa na Singer ya mkono iliyoshona sare zetu za shule na baadaye za wanetu, haikudai kitu zaidi ya mafuta. Kichwani mwangu jina kongwe la Kimarekani lilikuwa na maana hiyo. Haya, waranti mwaka mmoja. Mwezi wa kumi na nne mashine ikajaza maji, ikalia tak, tak, tak, ikapepesa taa, ikanyamaza na mashuka yetu tumboni.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kwanza roboti, halafu muziki kama dakika arobaini, halafu dada mmoja aliyeniuliza namba ya mashine mara tatu. Pole sana, waranti imekwisha, ila naweza kukuuzia waranti ya nyongeza. Ya maiti! Fundi alifika baada ya siku kumi na moja. Hakugusa skrubu hata moja. Alibonyeza vitufe, akatazama saa yake, akasema ni bodi, ibadilishwe, ila kwa bei ya bodi pamoja na ufundi heri ninunue mashine nyingine. Kwa hotuba hiyo nikatozwa dola mia na ishirini hivi.

Mimi ni mtoto wa fundi redio, kwa hiyo kiburi kikanipanda. Nikaagiza bodi mtandaoni. Ijumaa usiku nikashuka chini ya nyumba, bisibisi mkononi, tochi mdomoni. Nilipiga picha kila waya kabla ya kuchomoa, na hilo ndilo jambo pekee la akili nililofanya usiku ule. Nikafunga bodi mpya, nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Nikabonyeza. Maji yakaanza kuingia, nami nikasimama mikono kiunoni kama mwenye kiwanda. Tak, tak, tak. Mama Zuhura hakusema neno. Alichukua ndoo, akaanza kuchota, kisha akasema taratibu, "Baba Zuhura, shika bakuli." Wiki nzima tukafua kwenye beseni la kuogea, kanga zikaning'inia kwenye ngazi huku nje theluji inaanguka. Duka nalo halirudishi vifaa vya umeme vilivyokwisha fungwa.

Rafiki yule Mkongo akaja na dawa nyingine: niunganishe waya wa mfuniko moja kwa moja ili mashine idhani umefungwa. Nina watoto wadogo, na ngoma ile ikizunguka inaweza kuvunja mkono. Nikakataa, akanuna.

Aliyeniokoa ni mzee jirani. Alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha mashine za kufulia cha Maytag kule Newton, mashariki mwa hapa. Kampuni ya Whirlpool iliinunua Maytag mwaka 2006, na 2007 kiwanda kile kikafungwa. Mashine yangu haikutoka huko, lakini mzee anazijua zote. Tangu 1967 tangazo la Maytag lilikuwa la fundi mpweke anayekaa bila kazi kwa kuwa mashine haziharibiki. Mzee bado hulicheka, ila si kicheko cha furaha.

Alishuka ngazi polepole, akaniuliza swali moja tu: "Karatasi iko wapi?" Karatasi gani? Akaniambia nichomoe plagi, akafungua jopo la juu, akaingiza vidole nyuma yake, akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ya mafundi! Ilikuwemo humo tangu siku ya kwanza, na yule fundi wa dola mia na ishirini hakuitafuta. Imeandikwa namna ya kuzungusha kitufe, kulia mara ngapi, kushoto mara ngapi, mpaka mashine ijipime yenyewe. Tukarudisha plagi, tukazungusha. Taa zikapepesa, tukahesabu, tukasoma: kitasa cha mfuniko.

Kitasa kipya dola ishirini na kitu, kukifunga ni skrubu chache na plagi moja ya waya. Kile cha zamani mzee alikipasua kwa kisu. Ndani kulikuwa na ulimi wa plastiki, mwembamba kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho, umekatika. Aliuweka kiganjani, akautazama muda mrefu, kisha akauweka mfukoni mwake. Pesa alikataa, sambusa za Mama Zuhura hakukataa.

Kampuni ikanitumia ujumbe kuniuliza huduma naipa nyota ngapi. Bodi yangu ya zamani iko kabatini, nzima kabisa, anayeitaka aje. Jumamosi nakwenda kwa Mrundi mmoja ambaye mashine yake inalia tak, tak. Nimemwambia asiagize kitu chochote mpaka nifike.