Utepe naubandika, lakini si pale unapodhani

Farasi akivaa utepe wa tiba wa rangi ya waridi, ule unaobandikwa kwenye ngozi, mguuni, kila apitaye bandani husimama kuuliza. Akiuvaa huohuo begani, hakuna anayegeuza shingo. Nadhani ndiyo sababu wenye farasi huku Karen, Nairobi, wakija na farasi aliyeumia ligamenti (zile nyuzi ngumu zinazoshikanisha mifupa) huanza na, "Kaka, nibandikie mguuni." Namwambia mguuni utakaa kidogo tu, tena kwa muda. Sehemu kubwa ya utepe inakwenda juu.

Mimi ni saisi, mtunza farasi. Kazi niliianzia kwenye mabanda ya farasi wa mbio kule Ngong Racecourse, nikisukuma toroli la samadi kabla hata ya kuaminiwa kushika kamba ya farasi mmoja. Siku hizi niko kwenye yadi ya farasi wa kupanda, wengi wao wastaafu wa mbio. Kubandika nilifundishwa na mtaalamu wa tiba ya viungo aliyekuwa akija kuwanyoosha farasi migongo. Utepe wenyewe ulitokana na kazi ya Mjapani Kenzo Kase miaka ya 1970, na ulikuwa wa binadamu. Wengi waliuona kwa mara ya kwanza kwenye miili ya wanariadha katika Olimpiki ya Beijing 2008. Ni pamba inayovutika, na gundi yake hushika ukiisugua ikapata joto.

Sasa Zabibu. Ni jike mwekundu, mpole bandani, mkaidi nje. Aliumia wakati wa masika, uwanja ukiwa umegeuka ule udongo mweusi unaofyonza kwato. Asubuhi iliyofuata upande wa ndani wa mguu wa mbele kushoto, juu kidogo ya kifundo cha chini, palikuwa pamevimba na pana moto. Daktari wa mifugo akaja na mashine ya altrasaundi, akatuonyesha doa jeusi mahali ambapo nyuzi zilitakiwa kuonekana nyeupe na zimejipanga. Tawi la ndani la ligamenti inayobeba kifundo lilikuwa limechanika kiasi.

Ligamenti hiyo hushikia juu, nyuma ya mfupa wa muundi, ikapita katikati ya vijifupa viwili vyembamba, kisha ikagawanyika matawi mawili kufika kwenye vifupa vya nyuma ya kifundo. Ndiyo inayozuia kifundo kisigonge chini farasi anapokwenda shoti. Kuanzia goti kushuka, farasi hana msuli wa kutajika: ni mfupa, kano, ligamenti na ngozi. Kwa hiyo mtu akikuambia utepe wake "unaimarisha misuli ya mguu" hapo chini, muulize ni misuli ipi. Na hakuna utafiti ulioonyesha kwamba utepe huunganisha nyuzi zilizochanika. Zinazounganisha ni wakati na mwendo wa kupimwa: miezi sita, mara nyingi hata mwaka.

Siku za mwanzo hatukubandika chochote. Tulikuwa tunamwagia mguu maji baridi kwa mpira dakika ishirini, mara kadhaa kwa siku, na gundi haishiki kwenye manyoya mabichi. Alipewa dawa ya kutuliza uvimbe, akafungwa bandeji na kufungiwa ndani. Fundi wa kwato akamtengenezea kiatu chenye ukingo mpana upande wa ndani, ili upande huo usizame sana ardhi ikiwa laini.

Moto ulipopoa na uvimbe ukabaki ule wa majimaji, ndipo nilipotoa mkasi. Kwa uvimbe nakata utepe kama vidole vya mkono: kitako kinabaki kizima, halafu michirizi minne au mitano. Kitako nakiweka juu, karibu na goti, michirizi ikishuka juu ya uvimbe, bila kuvuta. Wazo ni kwamba ngozi inainuliwa kidogo tu na maji yanapata njia ya kupanda. Nakata pembe ziwe za mviringo maana pembe kali hubanduka kwanza. Kabla ya hapo manyoya yawe makavu kabisa na nimeyapangusa kwa spiriti. Dawa ya nzi ikigusa hapo, umebandika bure. Kamwe siuzungushi mguu mzima. Utepe unaovutika ukiuzungusha, unabana, na mguu ule hauna nyama ya kuukinga.

Lakini angalia mwili wa farasi aliyechechemea kwa wiki. Zabibu alikuwa ameuhamishia mguu wa kulia mzigo wake, na bega la kulia likawa gumu kama ubao. Nyuma ya mabega, ukipitisha kidole tu, mgongo ulikuwa unazama kwa maumivu. Hapo misuli ipo, tena chini ya ngozi ya kiwiliwili pana msuli mwembamba, ule ambao farasi huutikisa nzi akitua. Ngozi inayomsikia nzi itausikia utepe. Niliweka mistari miwili sambamba na uti wa mgongo, mmoja kila upande, na mwingine begani, nimeivuta kiasi katikati, ncha zikiwa zimelegea. Kesho yake nilipomtoa, alishusha kichwa akatembea kwa hatua ndefu zaidi. Huenda ni utepe, huenda ni mikono yangu iliyomkanda kabla ya kubandika. Siwezi kuapa.

Naubadilisha kila baada ya siku tatu hadi tano, nikiubandua kufuata manyoya yanakolala, mkono mmoja umeshika ngozi. Ukigoma, napaka mafuta kidogo na kusubiri.

Wakati huo kazi ya kweli inaendelea: kumtembeza kwa mkono, dakika kumi mwanzoni, tunaongeza tano kila wiki daktari akiridhika. Inachosha. Farasi wa mbio aliyefungiwa ndani anataka kuruka mawinguni, na mruko mmoja tu unaweza kurudisha doa lile. Mama mwenye Zabibu aliniuliza, "Kaka, sasa si utepe upo, tumwachie kidogo uwanjani?" Nikamwambia, "Mama, utepe haujui kusema hapana. Mimi ndiye nimeshika kamba."

Picha ya pili ya altrasaundi ilionyesha doa limepungua na nyuzi zinaanza kujipanga. Troti, mbio za polepole, tumeianza, mstari ulionyooka tu, kwenye murram nyuma ya yadi. Mduara bado marufuku. Mguuni sibandiki tena, uvimbe umekwisha. Mgongoni bado. Mama anataka kujua kama Zabibu ataruka vizuizi mwakani, na daktari amemjibu aulize baada ya picha ya tatu.