Kizunguzungu cha mama kilivyoisha

Mama ana miaka 74, anaishi Kibosho, juu kidogo ya Moshi mjini. Kwa miezi miwili, kila akigeukia upande wa kulia kitandani, nyumba nzima inazunguka. Sekunde chache tu, kisha inatulia. Zahanati moja walimpa dawa za presha, na presha yenyewe ilikuwa sawa! Siku aliyoanguka akiwapelekea mbuzi majani, nikasema basi.

Daktari wa masikio alimgeuza kichwa kulia, akamlaza haraka, akamtazama macho. Yalikuwa yanachezacheza yenyewe. "Mama, vijiwe vya sikioni vimehama." Kumbe ndani ya sikio kuna chembe ndogo sana za chokaa, zikitoka mahali pake na kuingia kwenye mifereji ya usawa, ubongo unadanganywa kwamba unazunguka. Akamfanyia zoezi la Epley, la kuvirudisha vijiwe mahali pake: kichwa nyuzi 45 kulia, analala kikining'inia kidogo, nusu dakika hivi, kinageuzwa kushoto, kisha analalia ubavu wa kushoto uso ukielekea chini, anaketi. (Usijaribu kwa mzee mwenye shingo mbovu.) Mama alinibana mkono mpaka kucha zikaacha alama. Tulirudia wiki iliyofuata, kizunguzungu kikaisha.

Nyumbani niliondoa kapeti lililojikunja mlangoni, nikafunga taa njia ya chooni na bomba la kushikilia ukutani. Asubuhi anaketi kwanza ukingoni mwa kitanda, ndipo asimame. Kandambili zake zilizolika nilizitupa. Mpaka leo ananidai.