Tafakari ya Juma: "Trofimo, Hawezi"

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Andiko letu juma hili ni Yakobo 4:13-15, ila naomba nianzie kwenye kiatu.

Mwaka jana, asubuhi moja, niliinama kufunga kamba za kiatu cha kushoto, na sikuinuka. Mgongo ulinishika palepale, pumzi ikakata, nikabaki nimejikunja kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Nilisaidiwa hadi kitandani, na hapo nikakaa siku 11. Kujigeuza ilikuwa mpaka nishikwe. Soksi nilivalishwa na mke wangu, kidole kwa kidole, kama anavyovalishwa mtoto.

Hatua mbili kutoka kitandani kuna meza, na juu ya meza lilikuwepo daftari langu la mipango. Jalada gumu la bluu, limebanwa kwa mpira. Ndani yake nilikuwa nimepanga miaka 10: mwaka wa kumaliza masomo, mwaka wa kuhamia kwetu, mwaka wa kuacha kuajiriwa, mwaka wa kuanza huduma ya kuwatembelea wagonjwa. (Naam, wagonjwa. Nilipolikumbuka hilo nilicheka, na kucheka kukauma.) Daftari lile nililitazama siku zote 11 na sikulifikia. Hesabu zake zilikuwa sawa. Malengo yake sioni ubaya wake hata leo. Lakini kila mstari ulisimama juu ya jambo ambalo sikuliandika popote, kwamba mwenye daftari atakuwa anaweza kuinuka.

Sasa tumsome Yakobo, taratibu. "Haya basi, ninyi msemao, Leo au kesho tutaingia katika mji fulani na kukaa humo mwaka mzima, na kufanya biashara na kupata faida, walakini hamjui yatakayokuwako kesho. Uzima wenu ni nini?" Wale wafanyabiashara walikuwa na mpango uliokamilika kuliko mipango ya wengi wetu: siku ya kuondoka ipo, mji upo, muda upo, kazi ipo, faida ipo. Yakobo hakemei kupanga. Anauliza swali moja tu, na ndilo ambalo mpango ule haukuwa na safu yake: uzima wenu ni nini?

Neno hilo, uzima, Kiswahili kimelibebesha mengi. Mtu mzima ni aliye hai, na pia ni asiye mgonjwa, na pia ni aliyekomaa. Chungu kizima ni kile kisicho na ufa. Tukiulizana "u mzima?" tunauliza yote kwa pamoja. Sitaki kulilazimisha andiko, maana Yakobo hapa anazungumzia uhai wenyewe, unaofanana na mvuke "uonekanao kwa kitambo, kisha hutoweka". Lakini sikio la Mswahili linasikia na hilo la pili, na sidhani kama linakosea. Kabla mvuke haujatoweka, huwa kwanza unapungua.

Kisha anatufundisha la kusema: "Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi." Nimeusoma mstari huu tangu utotoni nikidhani una ombi moja. Una mawili. Tutakuwa hai, hilo la kwanza. Kufanya hivi au hivi, hilo la pili. Maombi yetu mengi huanzia kwenye la pili: bariki safari, fungua milango, fanikisha mradi. La kwanza tumeshalihesabu kuwa ni letu, kama kwamba lilishatolewa na sasa tunajadiliana na Mungu juu ya matumizi tu.

Na niseme jambo hapa. Maneno "Mungu akipenda" sisi tumeyachakaza. Siku hizi mtu akialikwa akajibu "Mungu akipenda nitafika", mwenyeji anajua hapo hapo kwamba mgeni haji. Maneno yaliyokuwa ya unyenyekevu tumeyageuza njia ya kukataa kwa adabu. Pengine ndiyo sababu Yakobo hatusumbui tena.

Mfano wa tajiri wa Luka 12, aliyepanga kujenga ghala kubwa zaidi na usiku uleule roho yake ikatakwa, mnaujua, siurudii wote. Ninachoomba muone ni kwamba mtu yule alikuwa na mavuno kweli, hakudanganya. Kosa lake lilikuwa pale aliposema ana akiba "kwa miaka mingi". Nafaka aliivuna yeye. Miaka hakuivuna, lakini aliihesabu pamoja na magunia.

Lakini aliyenikaa moyoni katika zile siku 11 hakuwa tajiri yule. Alikuwa mwenzake Paulo wa safari, ambaye jina lake huwa tunalipita haraka mwishoni mwa waraka: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi" (2 Timotheo 4:20).

Hawezi. Ndivyo walivyosema wazee wetu, na Biblia ya zamani imelitunza neno hilo. Fulani hawezi, yaani anaumwa. Hawakuongeza hawezi nini. Ugonjwa ukiingia, kitenzi kinabaki peke yake: hawezi kulima, hawezi kusafiri, hawezi kuhubiri, hawezi kufunga kiatu. Epafrodito, mtenda kazi mwingine pamoja na Paulo, naye ameandikwa hivyo hivyo katika Wafilipi 2:27, "alikuwa hawezi, karibu na kufa".

Trofimo alikuwa mtu wa Efeso (Matendo 21:29). Efeso ndiko leso na nguo zilizogusa mwili wa Paulo zilikopelekwa kwa wagonjwa nao wakapona (Matendo 19:12). Na Mileto si mbali na Efeso. Paulo aliwahi kuwaita wazee wa kanisa la Efeso wakamfuata huko. Basi fikirini: mtu wa mji wa leso zile, akiwa na Paulo mwenyewe, katikati ya safari ya Injili, anaugua na kuachwa. Hakuna anayeambiwa kwamba imani yake ni haba. Hakuna anayetafuta dhambi iliyojificha. Paulo anaitaja habari yake kwa maneno machache, ya mtu anayempenda na hana la kufanya.

Kwa hiyo tukisema tusiuchukulie uzima kama haki yetu, isiwe fimbo ya kuwapigia wagonjwa. Wapo kati yetu walioamka leo na maumivu waliyolala nayo, na wanaijua habari hii kuliko mwandishi wake. Wahenga walisema hujafa hujaumbika, na hawakuchagua nani asikie.

Mstari unaofuata ndio ulionitoa kitandani, kwa namna ya kusema. "Jitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi." Paulo anamwandikia Timotheo kutoka kifungoni. Ameshasema wakati wa kufariki kwake umefika (4:6). Anamwomba amletee joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa, na vitabu, "hasa vile vya ngozi". Mtu anayejua anakufa anafikiria atakachovaa kwenye baridi na atakachosoma! Sijui kama kuna picha ya mipango ya kikristo iliyo bora kuliko hiyo. Anajua siku zake ni chache na bado anazipangia, mpaka joho.

Na kwa nini kabla ya baridi? Kwa sababu katika bahari ile vyombo vilikuwa haviendi wakati wa baridi. Kuanzia kama Novemba hadi Machi safari ndefu zilisimama, na mwenye ubishi alipata alichokipata. Paulo mwenyewe alikuwa kwenye merikebu yenye watu 276 iliyovunjika kwa sababu walioisimamia walidhani wanaweza kuubana msimu kidogo (Matendo 27). Timotheo akichelewa kwa majuma machache, amechelewa kwa miezi. Na Paulo hakuwa na uhakika wa miezi.

Sasa kumbukeni Timotheo ni nani. Ni yule aliyeshauriwa atumie mvinyo kidogo "kwa ajili ya tumbo lako, na magonjwa yakupatayo mara kwa mara" (1 Timotheo 5:23). Aliyeitwa afunge safari hiyo yote hakuwa mtu wa afya ya chuma. Paulo hakumwambia "ukipona kabisa, njoo". Wala hakupuuza tumbo lake. Katika waraka mwingine alilishughulikia kwa ushauri wa kawaida kabisa, wa kitu cha kunywa. Vyote viwili vipo kwa mtu mmoja: tunza mwili, na njoo kabla ya baridi. Sisi huchagua kimoja. Ama tunangoja tupate nguvu kamili ndipo tutumike, ama tunatumika mpaka tuanguke na kuiita hiyo bidii. (Na ngoja ngoja huumiza matumbo, hata la Timotheo.)

Kuhusu kutunza mwili sitasema mengi, isipokuwa kwamba mfalme Hezekia, akiwa mgonjwa wa kufa, aliahidiwa na Mungu kwa kinywa cha nabii Isaya kwamba ataongezewa miaka 15, na bado Isaya akaagiza uletwe mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (Isaya 38:21). Ahadi ilikuwepo, na dawa ikabandikwa. Kwa hiyo dada, kaka, nenda ukapime presha. Presha inaweza kukaa mwilini miaka bila kuuma popote, na ndiyo maana hupimwa, haingojwi ijitaje yenyewe. Tunamwombea aliyelazwa kwa machozi. Aliyesimama kwaya hatumuulizi hata siku moja amepima lini.

Hezekia huyo huyo ananitia hofu kwa jambo jingine. Alipewa alichokitamani kila mgonjwa: muda, tena wenye tarakimu. Sura inayofuata anawaonyesha wajumbe wa Babeli hazina yake yote, na anapoambiwa kwamba vyote vitachukuliwa, na baadhi ya uzao wake pia, anaona afadhali, maadamu amani itakuwepo katika siku zake. Miaka ile iliongezeka kwenye maisha yake na wala haikumpanua macho. Nilipoweza kusimama tena, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kulifungua lile daftari na kusogeza kila kitu mbele kwa mwezi mmoja. Mwezi mmoja tu! Kana kwamba mgongo ulikuwa kosa la uchapaji.

Kuna na kosa la upande wa pili. Isaka, baba yao Esau na Yakobo, alisema, "mimi ni mzee, wala sijui siku ya kufa kwangu" (Mwanzo 27:2), maneno mazuri ambayo Yakobo wa waraka wetu angeyaitikia amina. Lakini aliyachukua kama taarifa ya kifo, akaharakisha baraka kwa siku moja, kwa chakula kimoja, akiwa haoni, na nyumba ikapasuka. Ukijumlisha miaka ambayo Mwanzo inaitaja, Isaka aliishi baada ya hapo kama miaka 40. Alifika 180. "Sijui siku" maana yake ni sijui. Huenda ni leo, na huenda ni baada ya miaka 40. Wapo waliopata majibu mabaya ya vipimo wakagawa kila kitu kwa hofu, wakaozesha watoto kwa haraka, wakavunja walichojenga. Hofu nayo hujifanya inaijua kesho.

Mimi nimefanya kidogo. Daftari bado ninalo na bado napanga. Ila sasa kila mpango najiuliza kama unahitaji miguu yangu, au sauti yangu, au uhai wa mtu mwingine. Wa namna hiyo unatangulia. Fedha inaweza kungoja, cheti kinaweza kungoja. Mtu ni mvuke kama mimi.

Nilipokuwa kitandani niligundua kuna mstari uliokuwa ukihama ukurasa hadi ukurasa kwa miezi 14: "Kumpigia kaka." Kulikuwa na jambo kati yetu, na sitalieleza hapa. Siku ya tisa niliomba niletewe simu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba." Akanyamaza kidogo. "Sauti yako imekuwaje, unaumwa?"

Tukazungumza habari za mgongo. Naye akanieleza habari za magoti yake, ambazo sikuzijua. Ngazi anazipanda kwa kupumzika katikati. Dakika 20 za viungo vya mwili. Jambo lile lenyewe hatukuligusa, na hadi leo hatujaligusa. Nimepanga kwenda kumwona mwezi ujao, na nimeandika kwa penseli.

Kwa maombi ya juma hili, chukueni mstari wa Yakobo muuvunje vipande viwili kama ulivyo. Siku tatu za kwanza ombeni kile cha "tutakuwa hai" peke yake, msiongeze ombi lolote juu yake. Ni vigumu kuliko mnavyodhani. Mimi ulimi wangu hukimbilia kwenye mradi kabla sijamaliza kushukuru kwa pumzi. Siku zinazobaki leteni na "hivi au hivi".

Juma lijalo, tukijaliwa, tutasoma Zaburi ya 90, sala ya Musa, na tutakaa kwenye ile mistari ya kuzihesabu siku. Ikiwa mimi sitaweza, ataandika mwingine.