Fremu ya mbao dhidi ya radi za Ziwa Nyasa

Mvua zikishaanza hapa Tukuyu, redio ya masafa ya kati inakaanga usiku kucha kwa mikwaruzo ya radi. Baba hataki habari za redio ya kwenye simu. Anataka stesheni yake ileile, inayotokea kaskazini-mashariki, ng'ambo ya Dodoma, na ambayo hufika giza likiingia, mawimbi yanapodunda angani na kushuka mbali.

Dawa ya mtaani ni kurusha waya mrefu juu ya mparachichi. Sauti inapanda kweli, ila mikwaruzo nayo inapanda, na radi za Rungwe si za kuchezea kwa waya ulio mtini. Mimi nataka antena inayojua kukataa.

Nikapiga msalaba wa mbao, nikauzungushia waya wa shaba wa mota iliyoungua, mizunguko 11, mraba wa sentimita 60 kila upande. Ncha mbili nikazikwangua vanishi kwa wembe, nikaziunga kwenye kapasita ya kugeuza, kile kifaa cha kutafutia stesheni, niliyoichomoa kwenye redio mbovu. Basi. Redio haiungwi na chochote; inakaa tu kando ya fremu, na kile kijiti cheusi cha feraiti kilichomo ndani yake, yaani antena yake ya ndani, kinapokea chenyewe. Unageuza kapasita polepole, mara stesheni inaruka juu.

Raha iko kwenye kuigeuza fremu yenyewe. Inasikia upande wa kingo. Usoni, kwenye ubapa wake, ni kiziwi, mbele na nyuma. Sasa tazama: radi za ziwani zinatoka kusini-mashariki, na kaskazini-magharibi kuna Kongo, ambako radi ni nyingi kuliko karibu kote duniani. Kwa hiyo uso mmoja nauelekeza Matema, ufukweni mwa ziwa, wa pili unaangalia Kongo wenyewe, na ukingo unabaki Dodoma. Jiografia imetupendelea, kwa mara moja.

Haizimi kila kitu. Radi za mbali hushuka kutoka angani na kupenya kidogo. Lakini kelele ya karibu, kama ya chaja ya sola ya jirani, inazama ukisogeza fremu kidogo tu.

Rafiki ananisukuma nijenge antena ya Beverage, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1921: waya ulionyooka, chini chini, urefu wa wimbi zima au zaidi, na rezista (kipande cha kuzuia umeme) ya kwenda ardhini kwenye ncha inayoelekea stesheni. Kwa kilohezi 1000, wimbi ni mita 300. Mita 300 zilizonyooka, Tukuyu hii! Nitakatiza migomba ya mama mkubwa na chai ya watu watatu.

Kama huna waya wa mota, wowote wenye plastiki unafaa. Ukaze tu: mizunguko ikilegea, stesheni inahama kila mtu akipita karibu.